Siku Evert Alipomkatia Mbwa Bima

Jirani yangu Evert alipobisha hodi mchana mmoja wa Septemba na samaki wa moshi mkononi, nilijua kuna jambo. Samaki huniletea mara kwa mara, ila siku zote ni baada ya mimi kumpelekea kitu. Nikimpa mikate ya mdalasini leo, kesho sahani yangu inarudi na samaki. Ndivyo tunavyoishi hapa kijijini kwetu Jämtland, huku Uswidi, sahani hairudi tupu, na Evert katupita wote: hajawahi kulala na fadhila ya mtu. Sasa wiki ile sikuwa nimempa hata punje ya sukari.

"Hawa samaki wa nini?" nikamuuliza.

"Wa simu. Nataka unipigie watu wa bima. Nataka kumkatia Tussa."

Nusura niwaangushe samaki alionipa. Tussa, mbwa wake wa kijivu mwenye mkia wa kujikunja, alikuwa keshajilaza chini ya meza yangu kama kawaida yake, hana habari.

Inabidi mumjue Evert ili muelewe mshangao wangu. Maisha yake yote ya kazi aliendesha mashine ya kukata miti msituni, peke yake. Hakuoa, ingawa mpiga kinanda wa kanisani alimngoja mpaka akachoka. Radi ilipomchomea banda la kuni, watu walimletea mbao uani. Akawashukuru mmoja mmoja, kisha akazirudisha mbao nyumba kwa nyumba na kujenga banda jipya mwenyewe. Na kuhusu bima, hapa kwetu mbwa hukatiwa kabla hajafumbua macho. Wawindaji wenzake wanaweza kwenda msituni na viatu vilivyotoboka, lakini si na mbwa asiye na bima. Evert peke yake alikataa. Baba yake alimfundisha kwamba ukiwekea bei kifo cha kiumbe, umekiita.

"Niende kumtajia shetani bei?" alikuwa akituambia. "Aje anunue?"

Mimi ni mdaku, sifichi. Nilifanya kazi dukani hapa miaka mingi, na ukikaa nyuma ya kaunta bila kuuliza utakufa kwa uchovu. Basi nikainjika kahawa taratibu, nipate muda wa kuchimba.

"Mbwa mwitu wameonekana huko msituni?"

"Hamna."

"Tussa anaumwa?"

"Mbona unamtabiria mabaya?"

"Basi unamuuza!"

Akanitazama kana kwamba nimeitemea mate kahawa yake.

"Ahaa," nikasema, "umepata mwanamke. Mwanamke wa mjini, anayetaka kila kitu kiwe na bima. Anaitwa nani?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akajishika kifua. Niliuona ule mkono, lakini akili yangu ilikuwa kwa mwanamke wa mjini.

"Mwezi ujao Tussa anatimiza miaka sita," akasema. "Akishafika sita hawampokei tena. Piga simu, Solveig. Kahawa itapoa."

Nikapiga, nikaiweka simu mezani tusikie wote. Akapokea binti mwenye sauti ya asali. Mbwa wa aina gani? Wa kuwinda kulungu. Amewahi kuugua? Hapana. Amewahi kuchechemea?

"Amewahi," Evert akasema. "Alikanyaga mwiba. Asubuhi. Mchana alikuwa mzima."

Binti akacheka. "Hiyo si lazima niiandike, bwana."

"Andika! Sitaki kuja kusemwa."

Akaandika, maskini. Kisha akauliza, "Na mwenye mbwa ni nani?"

Evert akageukia dirishani, akatazama ziwa utadhani jibu liko kule.

"Solveig Hedlund," akasema.

Jina langu! Nikamwangalia yeye, nikamwangalia Tussa, nikaiangalia simu.

"Mama, upo?" binti akauliza. "Unakubali?"

Nikaifunika simu kwa kiganja. "Evert, umerukwa na akili?"

"Moyo," akasema. "Wananipasua hospitali ya Umeå, baada ya msimu wa kuwinda. Daktari anasema wengi hurudi." Akazungusha kikombe. "Wengi si wote. Sasa nimepanga. Akiugua, bima ipo, nimeshaongea na benki wailipie. Chakula chake kiko stoo, kitatosha mpaka kiangazi. Hutaingia hasara hata ya mfupa."

Nilipandwa na hasira mpaka machozi yakanitoka. Wakati wote huu mtu yuko ng'ambo ya ua wangu na moyo mbovu, nami najua mpaka rangi ya soksi zake!

"Ungeniomba tu, mwanamume wewe! 'Solveig, nitunzie mbwa.' Maneno matatu!"

"Ndiyo hayo," akasema polepole. "Sijui yanaanzwaje."

Nikaondoa kiganja kwenye simu. "Nakubali," nikamwambia binti. "Andika."

Usiniulize msimu ule wa kuwinda ulipitaje. Jioni ya kuamkia safari alikuja kumleta Tussa, theluji inaanguka, na begani amebeba paja zima la kulungu. Nikampokea mbwa, nikasimama mlangoni.

"Hilo paja silichukui."

"Lazima. Dawa ya deni kulipa."

"Utalipa ukirudi. Mimi nataka uende Umeå ukiwa unadaiwa."

Akabaki amesimama kwenye theluji na nyama yake. Hakuna mtu aliyewahi kumfanyia hivyo. Uso ukamwiva, akanitukana kidogo, akasema sina adabu na kwamba marehemu mama yangu angeona aibu. Kisha akageuka akarudi nalo kwake, na kutoka dirishani nilimwona akilitia kwenye friza.

Tussa alilala ameelekea mlango. Nami nililala vibaya.

Alirudi siku chache kabla ya Krismasi, koti limempwaya, uso kama nta. Nilimwona anakuja uani, nikajiandaa kugombana juu ya paja. Lakini nilipofungua mlango, mikono yake ilikuwa mitupu. Tussa alimrukia, nusura amwangushe, ikabidi nimkemee. Evert akavua kofia.

"Solveig," akasema. "Naomba..." Akaanza upya. "Naomba uniazime mbwa wako. Nimtembeze mpaka ziwani tu."

Nikampa kamba.