Ndoo ya Udhu na Mbwa wa Mtani Wangu

Ijumaa iliyopita tulimzika bibi mmoja jirani yetu hapa Kanyenye. Alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa asili ya Oman, mama wa watu, na sidhani kama kuna mtu aliyepita mbele ya baraza yake bila kuulizwa habari za nyumbani. Wasomaji wangu mmezoea kuniona nikilalamikia mitaro na taka, basi leo nivumilieni. Nina huzuni, ndiyo, lakini zaidi nina kinyaa, na kinyaa chenyewe kimeanzia kwangu.

Bibi huyu alikuwa akiswali barazani, kwenye mkeka wake, ndoo ya maji ya udhu ikiwa pembeni. Nyumba ya pili anakaa mstaafu mmoja mwenye mbwa wanne wasiojua kamba wala banda. Walikuwa wakijisaidia mlangoni pa bibi, wakilala juu ya mkeka wake, na ndoo ile ndiyo waliyoifanya kisima chao. Kwa Mwislamu, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Fikirieni mwanamke wa umri ule, magoti yamekwisha, anamwaga maji, anachota udongo, anasugua, kisha anavuka barabara kwenda kuchota mengine bombani. Aliweka mfuniko, wakauangusha. Aliweka jiwe juu ya mfuniko, wakaiangusha ndoo nzima.

Siku moja nilimpigia shikamoo, akaitikia marahaba na kunishika mkono. "Mwanangu, yule bwana ni mtani wako. Mwambie awafunge mbwa wake. Mimi nikisema utakuwa ugomvi, ila wewe hawezi kukukasirikia." Alisema kweli. Yule bwana ni Mluguru na mimi ni Mnyamwezi, na utani wetu ulianza tangu babu zetu wakipita kwao na mizigo kichwani kuelekea pwani. Kwa mtani unasema lolote, na mwenye kununa ndiye mwenye makosa. Basi nikaenda nikiwa nimejiandaa kama mchekeshaji. "Mtani, mbwa wako wamesilimu lini? Kila siku nawaona wanatawadha kwa bibi!" Naye akajibu papo hapo: "Afadhali wao wanatawadha. Nyie Wanyamwezi mnasubiri mvua ndiyo muoge!" Tukacheka hadi machozi yakatutoka. Nikarudi kwa bibi na kumwambia nimeshafikisha ujumbe. Akaniombea dua.

Mbwa hawakufungwa hata siku moja, na mimi sikurudi tena kusema, maana moyoni nilijihesabu nimemaliza kazi. Bibi alihamishia swala zake chumba cha ndani, kisha akaacha kabisa kukaa barazani. Tukapita mwaka mzima mbele ya baraza tupu, kila mtu akisema bibi siku hizi amechoka.

Msibani mtani wangu alikuja, akakaa nasi mkekani, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Bibi huyu nimekaa naye miaka yote, hajawahi kunilalamikia hata mara moja." Nikamwambia, "Alikulalamikia. Alinituma mimi. Mbwa wako ndio waliomfukuza barazani kwake." Akatabasamu. "Mtani, umeshaanza! Hata msibani?" Watu wakacheka, kwani msiba wa kwetu bila utani haujakamilika. Nikarudia maneno yale yale bila kucheka. Akaendelea kuniangalia huku akitabasamu, akisubiri nicheke.

Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Utani ni mzuri kwa kupoza hasira, lakini mwenye shida halisi hahitaji hasira za mtu mwingine zipozwe. Anahitaji mbwa wafungwe. Jirani akikutuma neno zito, lifikishe na uzito wake, hata kama utanuniwa.

Mbwa mmoja alikuwa amemfuata bwana wake, na tulipogeuka alikuwa ameingiza pua kwenye ile ile ndoo ya bibi, ambayo waombolezaji walikuwa wakinawia. Niliimwaga, nikachota udongo, nikachuchumaa na kuanza kuisugua. Nilipofika mara ya nne mgongo ulikuwa unaniuma. Bibi wa watu alikuwa akifika saba, siku baada ya siku, akiamini kwamba mimi nimeshamsemea.