Chenga za Kamera Mpya

Kamera ilipofika mkononi mwangu, jambo la kwanza nililofanya ni kuinusa. Msicheke. Kitu kipya kina harufu yake, na mwaka ule wa 2008 hapa Nakuru sikumwamini hata mtu aliyeniambia kuwa leo ni Jumanne. Kamera ilinuka upya, sawa, lakini hata harufu mtu anaweza kuipulizia.

Mwenye duka, Mhindi ambaye ukoo wake umeuza redio na saa mjini tangu babu yangu hajaota meno, aliniambia, "Boss, hii hata ndani ya gunia la makaa inaona." Mtu akitia chumvi mimi namjua, kwa sababu hiyo ni kazi yangu pia. Niliichukua hata hivyo, maana Jumamosi nilikuwa na harusi ya kupiga picha, na harusi yenyewe ilikuja na sharti.

Bibi harusi alikuwa amekuja studio mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeleta mashtaka.

"Usitumie flash."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ni mama yangu. Tangu zile fujo za uchaguzi Januari, mwanga wa ghafla ukimpiga anaruka, halafu hatulii tena siku nzima. Nataka akae kanisani mpaka mwisho."

Nikamwambia hakuna shida. Shida ilikuwa kanisa lenyewe, njia ya kwenda Gilgil, ambalo madirisha yake bado yalikuwa yamepigiliwa mbao mahali pa vioo. Mle ndani, saa sita mchana, popo wangeweza kufungua ofisi.

Bila flash kilichobaki ni ISO, ile namba unayoipandisha ili kamera ikazane kuona penye giza. Mimi kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, fizikia nikiisoma huku napigana mieleka na usingizi, lakini niliambulia hili: ukilazimisha kitu kione kisichoonekana, kitaanza kukuonyesha na visivyokuwepo. Jumatano nikaingia stoo na shati langu jeupe, nikapandisha namba hadi elfu moja mia sita, nikajipiga picha. Nikaitia kwenye kompyuta, nikauvuta uso karibu mpaka tundu moja la pua likajaza kioo.

Mama yangu! Chenga tupu, kama televisheni stesheni ikishafunga. Nyekundu, kijani, zambarau. Zilikuwa nyingi kuliko flamingo wote waliowahi kutua ziwani.

Sasa, mtu wa Nakuru akiona madoadoa mahali popote, mshukiwa wa kwanza ni vumbi. Lile jeupe linaloletwa na upepo wa ziwani tumelila kwenye chapati tangu utotoni, kwa nini lisiingie ndani ya kamera? Nikafuta lenzi, nikapuliza, nikaifunga kamera ndani ya karatasi ya mkate, nikaiacha ipumzike. Nikapiga tena. Chenga zilezile, na nadhani zilikuwa zimezaana. Nikatoka nje juani, nikashusha namba, nikapiga ukuta wa jirani. Safi kama maji ya mvua. Vumbi gani hili linalokimbia jua? Basi nikakata shauri: nimeuziwa kamera ya mtu, tena mtu mwenyewe aliitumia mpaka ikachoka kuona.

Alhamisi duka linafunguliwa, mimi niko mlangoni.

"Umeiangusha," mwenye duka akasema kabla sijamsalimia.

"Sijaiangusha. Wewe uliniuzia ya nani?"

"Ya kwako! Uliinusa hapa mbele yangu, ukaridhika."

Tukatazamana. Mimi namwona mwizi, yeye anaona mpiga picha aliyekwisha kuipigia harusi bure na sasa anataka kurudisha mali. Mwishowe akashusha kamera nyingine ya aina ileile, akalifungua sanduku lake mbele ya macho yangu, akazima taa za duka. Akampiga picha mkewe aliyekuwa kwenye kaunta, amejitanda shali ya kahawia. Akanipiga na mimi, na shati langu jeupe. Tukaangalia kwenye kompyuta yake. Mke, safi, hata hereni zinaonekana. Mimi, chenga uso mzima.

"Kumbe!" nikasema nikicheka. "Hata kamera imejifunza ukabila."

Mteja aliyekuwa akichagua betri alizirudisha polepole, akatoka. Mwaka ule kuna vicheko ulivyopaswa kuvichekea kwako, mlango umefungwa.

"Mimi nashuku hiyo shati," mke akasema hatimaye, akanitupia shali yake. "Funika."

Nikaifunika. Picha ya pili, uso wangu ukatoka umetulia, chenga chache tu huko nyuma kwenye rafu. Hapo sote watatu tukaelewa. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umetosha, inaubana. Uso mweusi unaachwa gizani, na chenga makao yake ni gizani.

"Bibi harusi atavaa rangi gani?" mwenye duka akauliza.

Nikalitazama shati langu jeupe. Kanisa zima lingejaa gauni.

Njia ilikuwa moja, kuipimia kamera mwanga kwenye uso na kuiongezea kwa makusudi, gauni lipotee ndani ya weupe wake linavyotaka. Bado nilimshuku mwenye duka, mpaka akaiosha picha yangu kwenye karatasi ya ukubwa wa albamu. Chenga zilizobaki nikazitafuta nikazikosa.

"Wewe unaangalia picha kama daktari wa macho," akaniambia. "Nani atatia pua ndani ya albamu?"

Jumamosi nilisimama kando ya nguzo na kupimia uso wa yule mama, kwenye benchi la mbele. Kila nilipobonyeza nilimtazama mabega. Hayakushtuka. Alikaa mpaka baraka ya mwisho, akaimba, akalia kidogo, akaimba tena.

Nilipopeleka picha nyumbani kwao, bibi harusi alizipitia uso umekunjamana.

"Lace yangu iko wapi? Hili gauni lilikuwa na maua mpaka chini! Hapa nimevaa shuka."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu sana ya fizikia. Mama yake akanyoosha mkono, akachukua picha moja, ya kwake mwenyewe akiwa ameinua uso. Akaisogeza karibu, karibu kabisa, pua ikagusa karatasi. Nikangoja azione chenga.

"Hii ulinipiga saa ngapi?"

"Wakati wa viapo, mathe."

"Mimi sikuona mwanga."

"Hakukuwa na mwanga."

Alinitazama kama mtu aliyenikuta ndani ya shamba lake. Kisha akaigeuza picha, akakagua mgongo wake, kona zote nne, kana kwamba mwanga niliuficha huko, na hakuirudisha mezani.