Mgonjwa wa Mgongo na Maji ya Msituni

Wajukuu zangu wawili wamekaa barazani tangu asubuhi wanapanga safari ya kwenda kuona maji yanayoanguka msituni, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wana begi, wana viatu vya kukimbilia, wana mayai ya kuchemsha, na kila mmoja ana chupa ya maji. Mtu anakwenda kwenye maji amebeba maji. Nikawauliza mnakwenda kumwona nani huko. Wakasema, bibi, tunakwenda kutembea tu. Nikacheka mpaka ungo wa maharage ukaniponyoka mapajani.

Mimi nilikwenda kwenye maji kama hayo zamani, na kupanga kwenyewe kulinitoa jasho kuliko kutembea.

Enzi zetu mwanamke aliyeolewa hakuwa na kutembea tu. Ulikwenda kisimani, kuni, shamba, sokoni, kanisani, msibani, au kumwona mgonjwa. Basi. Ukionekana njiani mikono mitupu, watu wanasimama kabisa wakutazame, wanajua umefukuzwa kwako.

Ilikuwa hapa hapa Kirushya, miaka ile ya wakimbizi, barabara zimejaa malori na vilima vya kule ng'ambo vimevaa maturubai. Nilikuwa na watoto watatu, na nilikuwa na rafiki, mwanamke wa Burundi. Alikuwa anatoka kambini asubuhi kuja kutusaidia kulima, jioni anarudi na ndizi. Kihangaza changu na Kirundi chake ni watoto wa tumbo moja, kwa hiyo tuliongea kuanzia jembe la kwanza mpaka la mwisho. Mama mkwe wangu alikuwa anasema maharage ya shamba letu yataota yana masikio.

Siku moja rafiki yangu akaniambia kwamba kwao, nyuma ya nyumba, maji yalikuwa yanaanguka kutoka kwenye jiwe, na yeye amelala na ile kelele tangu kuzaliwa. Kambini hakuna kelele hiyo. Kuna kukohoa, kuna redio ya jirani, kuna watu wanagombania foleni ya bomba. Sasa amesikia kwa wanawake wa kuni kwamba ndani ya msitu, vilima viwili kutoka kwetu, kuna maji kama yale. Anataka kwenda. Nikamuuliza kufanya nini. Akasema, kukaa. Nikamuuliza tena, kukaa halafu? Akasema, halafu narudi.

Sijui ni shetani gani, lakini na mimi nikatamani kukaa halafu nirudi.

Shida ilikuwa mama mkwe. Alikuwa mfupi, mnene, na sauti yake ilimfikia mtu wa kilima cha pili bila kusumbuka. Na mimi nilikuwa nimekwisha kurudishwa kwa baba yangu mara moja, kwa kumjibu vibaya. Kwetu mke akirudishwa hivyo, baba yake na wazee wa ukoo ndio wanaomrudisha kwa mume, wamebeba mitungi ya pombe ya ndizi, wanaomba radhi watu wote wanaangalia. Baba yangu hakupenda kuangaliwa. Aliniambia nikirudishwa mara ya pili atafunga mlango nilale na mbuzi. Na watoto, mnajua, wanabaki kwa baba yao. Kwa hiyo nikikamatwa na uongo, sina nyumba, sina watoto, nina mbuzi.

Ndiyo tukakaa shambani kuchagua ugonjwa.

Maana kumwona mgonjwa ndiyo ruhusa pekee ambayo hakuna mkwe anayeweza kukunyima. Tukasema mgonjwa awe mama mdogo wa rafiki yangu, amepokelewa na jamaa zake huko upande wa msitu. Lakini anaumwa nini? Tumbo hapana, miaka ile ya kipindupindu ukitaja tumbo watu wanakimbia na wewe hutoki nje. Homa hapana, wakisikia homa wanaume wanachukua machela wanamfuata kumpeleka hospitali, na machela itarudi na nani? Macho ni madogo, nani anapanda vilima viwili kwa ajili ya macho. Tulitaka ugonjwa wa kumtoa mtu nyumbani kwake kumwona mwenzake, lakini usiomtoa mgonjwa kitandani. Tukapata mgongo. Tukafurahi kama tumevumbua chumvi.

Jioni nikamwambia mama mkwe, nimepiga magoti vizuri, nimeangalia chini. Akasikitika. Akauliza mgongo wa juu au wa chini. Nikasema wa chini. Akasema, ule wa chini ni mbaya.

Nilidhani yameisha. Kumbe nimesahau kwamba mgonjwa kwetu si wa mtu mmoja. Asubuhi jirani wa juu ameleta mkungu wa ndizi wa kumpelekea. Jirani wa chini ameleta maharage na majani ya kukanda mgongo, na maelezo ya kukanda, marefu. Mwingine ameleta kibuyu cha uji wa ulezi. Jumapili katekista akauliza jina la mgonjwa ili jumuiya imwombee. Rafiki yangu, kwa woga, akataja jina lililomjia kwanza, la bibi yake aliyekwisha kufa siku nyingi. Tukasimama wote, tukafumba macho, tukamwombea marehemu apone mgongo.

Tulipotoka kanisani nikamwambia rafiki yangu tuache. Akaniuliza ndizi tutazirudisha kwa nani. Kweli, kitu kilichotoka kwa ajili ya mgonjwa hakirudi nyumbani, ni mkosi, hata mtoto anajua. Na kabla sijajibu, nyuma yetu mama mkwe akasema: "Kesho tutakwenda wote. Mkungu ule hamuuwezi ninyi wawili, midomo yenu ndiyo yenye nguvu, siyo shingo."

Usiku ule sikulala, lakini sitawasimulia usiku, hakuna lililotokea ila mimi kugeuka.

Asubuhi tukaondoka mmoja nyuma ya mwingine. Mama mkwe mbele na mkungu kichwani, mimi na kikapu cha maharage, rafiki yangu na kibuyu. Tumevaa vitenge vya Jumapili. Kila nyumba tuliyopita walitusalimia kwa sauti ya chini, wakauliza mgonjwa ni nani, wakaongeza kitu. Viazi vitamu vya kuchemsha. Mayai manne, nayo ya kuchemsha. Bibi mmoja alitupa kuku. Shikamoo, marahaba, pole, asante, na kuku juu. Mpaka kilima cha pili tulikuwa tumebeba sherehe.

Na mama mkwe alikuwa anauliza njia nzima. Akimgeukia rafiki yangu: mgongo ulianza lini? Akasema wakati wa kupalilia. Akinigeukia mimi: alikuwa anafanya nini? Nikasema alianguka na ndoo. Akatengeneza mkungu kichwani. Halafu akasema huyo mama ana bidii, anapalilia na ndoo. Rafiki yangu akaanza kucheka, akajifanya anakohoa, mama mkwe akamwambia akohoe taratibu, uji utamwagika.

Tukaingia msituni. Njia ikawa nyembamba, baridi, ina mizizi. Hakuna mgomba, hakuna moshi, hakuna mbwa. Mtu yeyote mwenye akili anajua pasipo na mgomba hapana nyumba. Nilikuwa nikiona ule mgongo wa mama mkwe mbele yangu, mpana, unapanda na kushuka, nikawa nafikiria mbuzi wa baba yangu mmoja mmoja.

Halafu tukasikia. Kwanza kama mvua ya mbali, halafu kama watu wengi wanapepeta kwa pamoja. Tukapinda jiwe, na yalikuwa pale. Maji meupe, marefu kuliko mnara wa kanisa, yanaanguka yenyewe, hakuna anayeyasukuma. Rafiki yangu akatua kibuyu, akakaa juu ya jiwe, akafunga macho.

Mama mkwe alikuwa bado amesimama na mkungu kichwani. Akauliza: "Nyumba ya mgonjwa iko wapi?"

Nikapiga magoti pale pale kwenye matope na kikapu changu. Nikasema hakuna nyumba. Nikasema hakuna mgongo. Nikasema yote, hata la marehemu tuliyemwombea. Nikasema kosa ni langu, rafiki yangu asiguswe, na kama ananirudisha kwa baba basi aniachie siku mbili niwaandae watoto.

Maji yanapiga kelele, mama mkwe kimya. Kuku ndiye aliyesema kidogo.

Mwisho akasema: "Kwa hiyo mimi, na umri huu, nimebeba ndizi vilima viwili kuja kuangalia maji."

"Ndiyo, mama."

"Maji ambayo hata hatukuja na dumu."

"Ndiyo, mama."

Akatua mkungu. Akayaangalia yale maji kwa hasira, kama anamwangalia mtu aliyemwaga maziwa. Akaanza kuyagombeza, kwamba watu wanapigana kambini kwa ndoo moja na ninyi mnajimwaga huku bila haya. Akasogea karibu ayagombeze vizuri. Akasogea tena. Akavua kandambili. Akatia mguu mmoja, akaona baridi, akatukana kidogo, akatia wa pili. Na kabla sijasimama mama mkwe wangu alikuwa chini ya yale maji na kitenge chake cha Jumapili, kilemba kimekwenda na mkondo, anapiga kelele ambazo nina hakika zilifika Ngara mjini. Hatukujua kama anakufa au anafurahi. Rafiki yangu akaingia kumwokoa, akavutwa mkono, akabaki humo. Nikabaki mimi na kuku.

Nikaingia na mimi. Kuku tulimfunga kwenye mzizi.

Tulikaa mpaka vitenge vikakaukia juu ya mawe. Tulikula mayai mawili na viazi, tukijiambia ni vya njiani, si vya mgonjwa. Halafu mama mkwe akasimama, akajifunga, na ule uso wa nyumbani ukarudi. Akasema chakula cha mgonjwa hakirudi nyumbani. Tumtafute mgonjwa.

Nikasema mama, hayupo. Akasema nchi nzima hii haiwezi kukosa mtu mwenye mgongo.

Tukatoka msituni kwa upande wa pili, tukaanza kubisha nyumba kwa nyumba. Ya kwanza mama mkwe akauliza kama kuna mgonjwa, yule mwanamke akakasirika, akauliza ni nani anayewatakia ugonjwa. Ya pili walikuwa wazima mpaka wanachosha. Ya tatu tukamkuta mzee peke yake anapasua kuni, shoka linapanda na kushuka, jasho zuri la afya. Tukampa shikamoo. Mama mkwe akamwuliza kama mgongo unamuuma.

Akasema hapana. Halafu akaona mkungu. Akaona kikapu. Kuku akamtazama.

"Labda upande huu," akasema, na akaweka shoka chini. "Nikiinama."

"Wa chini?" akauliza mama mkwe.

"Wa chini kabisa."

Mama mkwe akamwamuru alale, akalala kwenye mkeka wake bila kubishana. Tukamkanda kwa yale majani, kwa yale maelezo marefu ya jirani. Tulimkanda kweli, mama mkwe alikuwa na mikono ya kutwanga, na yule mzee mzima akaanza kulia kwamba sasa unauma. Mama mkwe akasema vizuri, ndiyo unatoka. Tukamwachia vyote, kuku pia, tukamwombea Baba Yetu, tukaondoka.

Njia ya kurudi mama mkwe alikwenda mbele. Tulipofika njia panda ya kambini akamwambia rafiki yangu kesho awahi shamba, basi. Mimi nikamfuata nyuma, nahesabu hatua zilizobaki kufika nyumbani kama ni zangu za mwisho pale.

Uani walikuwa wamekaa mume wangu, baba mkwe, jirani wa juu na yule wa chini, wote wanangoja habari. Nikaingia nimeinamisha kichwa. Mume wangu akaniuliza mgonjwa anaendeleaje.

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu, akadai maji ya kunywa, akanywa yote. Jirani wa chini akauliza kitenge chake kimepatwa na nini.

"Amepata nafuu," akasema mama mkwe. "Lakini ule mgongo ni wa kuangaliwa. Mwezi ujao mimi na mkamwana wangu tutarudi tena, na safari hii msitulundikie mizigo."