Majina Yaliyokatwa kwa Mkasi

Seneta yule mzee akizungumza kwa muda mrefu huvua kiatu cha kushoto taratibu chini ya meza. Loretta Pruitt, mwandishi wa kumbukumbu za Seneti, husimama mbele yake mashine ya kunakili hotuba ikining'inia shingoni, na hujifanya hajaona. Sauti ya mzee ni ya chini, ya kukwaruza, na vidole vyake vinene havichoki kunyoosha kingo za karatasi. Leo alikuwa akipinga mswada wa kuzikinga na mashtaka kampuni za simu zilizoipa serikali mazungumzo ya wateja bila amri ya hakimu. Alikuwa akisoma barua za wateja wenyewe.

"Mzee, kaa basi, unahutubia viti!" mwenzake mmoja alimtania akitoka.

"Nikikaa tu, mtapiga kura."

Alipoishiwa sauti, Loretta alinyoosha mkono kama ilivyo ada, achukue karatasi zilizosomwa akalinganishe na maandishi yake. Kila barua ilikuwa na tundu chini, pale mkasi ulipopita.

"Seneta, na majina?"

"Ninayo mfukoni, Bi. Pruitt."

"Ni utaratibu tu, Seneta."

"Kampuni nazo ziliambiwa hivyo hivyo na serikali."

Alasiri mswada ulipita kwa kura nyingi. Mzee alivaa kiatu, akafunga kamba polepole, akatoka kiganja kikiwa juu ya mfuko wa koti. Kwa miaka ishirini Loretta hajapitwa na neno ukumbini humo. Msimamizi wake alipomuuliza majina yako wapi, alijibu kwamba hakuyasikia.