Saa ya Irmtraud Isiyokubali Uongo

Tangu aolewe, jirani yangu Irmtraud alikuwa akiiweka saa ya jikoni mbele dakika kumi, ili mumewe Ottmar asichelewe kwaya. Saa hiyo ilipokufa akanunua saa ya redio, ile inayojirekebisha yenyewe kwa mawimbi. Tukaitia betri, tukaiegemeza dirishani kuelekea Frankfurt, upande wa mnara unaorusha mawimbi ya saa. Mishale ikakimbia hadi kumi na mbili, ikatulia kusikiliza, kisha ikazunguka kama kichaa mpaka ikaipata saa sahihi. Tulicheka hadi machozi!

Irmtraud akaisukuma mbele dakika kumi. Kulipokucha, ilikuwa imejirudisha. Akaisukuma tena, ikajirudisha tena.

“Shoga, hiyo haihongeki,” nikamwambia.

Jioni ya kwaya nikawapitia. Ottmar akaitazama saa, akajikatia kipande cha pili cha keki.

“Inuka, bwana wee!” mkewe akafoka.

“Tulia. Bado dakika kumi.”

“Kumi zipi?”

“Hizo unazoongeza tangu harusi yetu. Unadhani mimi sijui kutoa?”

Tulifika kwaya ikiwa kwenye ubeti wa tatu, Ottmar bado anatafuna.