Mpishi wa Kavimvira asiyejua ale nini

Jua ndiyo kwanza linachomoza ng'ambo ya ziwa, na hapa Kavimvira Libérate anatwanga sombe, majani ya muhogo. Wachukuzi wa mpakani wameshaketi kwenye ubao wanangoja. Anawapakulia bugali, sombe na maharagi. Yeye anakunywa uji wa mchele, pembeni.

"Watu wanazani nawaringia," anasema. "Hapana. Ni tumbo."

Tumbo hilo linamsumbua tangu kabla ya uhuru: maumivu, kuhara damu, kisha utulivu, kisha tena. Daktari Mzungu alimkataza majani, maharagi na mahindi, kwamba yanakwaruza utumbo. Mwaka 1960, uhuru ulipokuja, daktari akaondoka. Muuguzi aliyebaki, Léopold, akamwambia kinyume: bila majani na maganda ya maharagi, utumbo utalegea.

"Wote wawili waliniambia kwa upole. Minye nimusikilize nani?"

Mwaka 1964, waasi walipouteka mji, mpiganaji mmoja aliona kwamba mama huyu hagusi chakula anachouza. Akalaza bunduki juu ya ubao.

"Weye mama, iko sumu humu? Kula."

Libérate akala sahani nzima, watu wakimtazama. Akaenda kujilaza, akiyasubiri maumivu. Hayakuja, wala siku zilizofuata.

"Nikasema, kumbe Mzungu alinidanganya. Nikaanza kula sombe kila siku. Halafu tukakimbilia milimani, na kule damu ikarudi. Nikaacha sombe, nikala mchele mutupu, bado ikatoka. Mupaka leo sielewi."

Léopold, ambaye sasa anatibu watu huko Nyamianda, hafichi kwamba naye anapapasa.

"Nazani sote tulisema kweli, kila mmoja kwa wakati wake. Tumbo likiwaka, mchele. Likitulia, majani kidogo kidogo. Lakini lini limetulia kweli? Hapo hata minye sijui."

Tangu mvua zianze, Libérate anajaribu kijiko kimoja cha sombe iliyotwangwa mpaka ikalainika kabisa. Kuna siku inakaa vizuri, kuna siku haikai, na haoni tofauti ya siku hizo.

Binti yake anaolewa karibuni huko Rugenge. Wakwe watapika sombe na maharagi, na mama wa bibi harusi asipokula, watasema anawadharau.

"Nitakula," anasema, akifunika sufuria. "Tumbo likikataa, likatae nikiwa nimeketi na watu."