Nduru Nyumbani kwa Lazarus

Lazarus alizaliwa Kendu Bay, ziwani kwa Wajaluo, lakini ujana wake wote aliuacha katika kiwanda kimoja cha majani chai karibu na Kapkatet, kwa Wakipsigis, akitengeneza mitambo. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa zamani kwa cheche ya chuma. Mwaka wa 1994 la kulia nalo likaota mtoto wa jicho, akapasuliwa, akarudi nyumbani na bandeji. Daktari alimwamuru atulie: asiiname, asibebe kitu, asilie.

Dada yake Dorcus, aliyefanya kazi katika shule ya wasioona, alimwazima kanda za riwaya ya upelelezi. Msomaji wa kanda hizo alijua kuigeuza sauti: mara askari, mara mjane, mara muuaji. Mwanzoni Lazarus alicheka. Mtu mzima kusomewa kitabu! Kesho yake mkewe Molly akimwekea chakula, yeye anainua mkono: "Ngoja kwanza, wanafungua buti ya gari."

Alasiri moja Molly alikwenda sokoni. Lazarus akaweka komeo mlangoni, na mvua ilipoanza kupiga mabati akaongeza sauti ya redio ya kanda. Mvua ikakatika, lakini yeye alikuwa mbali, ndani ya ghala moja pamoja na muuaji.

Rodah, jirani ambaye shamba lake la chai lilipakana na ua wao, alikuwa akipita na maziwa. Akasikia dirishani: "Ukipiga kelele nakumaliza hapa hapa!" Kisha mwanamume akapiga ukelele wa uchungu. Rodah aliangusha mkebe, akapiga nduru.

Lazarus alidhani nduru hiyo ni ya kwenye kanda. Akazima redio. Nduru ikaendelea. Kisha akasikia miguu mingi, marungu yakigongana, watu wakiitana kwa Kipsigis.

Miaka miwili nyuma, wakati wa vita vya mashamba, nduru za namna hiyo ndizo zilizotangulia moshi wa nyumba za Wajaluo. Yeye na Molly walilala kanisani siku nyingi, na baadhi ya wenzao waliotoka ziwani hawakurudi tena. Wao walirudi kwa ajili ya kazi. Tangu hapo alisalimiana na kila mtu vizuri, lakini moyo wake haukuwahi kuvua viatu. Na leo hata mlango wenyewe hauoni. Alipapasa ukuta mpaka kitandani, akapiga magoti, akaomba neno moja tu: Molly achelewe sokoni.

Mlango ukavunjika.

"Lasaro! Lasaro, uko hai?" Ilikuwa sauti ya Kipngeno, mwana wa Rodah. "Wako wapi? Wamepitia wapi?"

"Akina nani?"

"Hao waliokuwa wanakuua!"

Lazarus akapapasa mezani, akabonyeza redio. "...nakumaliza hapa hapa!" ikanguruma. Mtu mmoja aliruka, rungu likaanguka, halafu nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko.

"Wee! Nimemwaga maziwa kwa sababu ya redio?" Rodah alilalamika akiingia huku anacheka. Alimshika Lazarus mkono amwinue, naye akaung'ang'ania wake, asiuachie. Kicheko cha Rodah kikakatika. Akaelewa.

"Pole, Lasaro," alisema polepole. "Tungeita jina lako tukiwa mbali."

Lazarus alipeleka mkono kwenye bandeji.

"Na usilie. Utaharibu jicho."

Hakulia. Alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia alilosahau kwamba amelibeba.

Molly aliporudi aliona marungu yameegemea ukuta na mlango umelala chini. Kikapu kilimponyoka. Ndipo akasikia kutoka ndani Kipngeno akibisha: "Ni dereva! Nawaambia dereva ndiye muuaji!" Na Lazarus akijibu huku anacheka, "Kijana, wacha haraka. Sikiliza kwanza."

Molly akakaa palepale kwenye nyasi zilizolowa, mikono kifuani, akimshukuru Mungu kwa Kijaluo. Rodah akamtokea na kikombe cha chai.

"Kunywa, Molly. Mtu wako ni mzima," alisema. "Mlango tu ndio tumeua."